Kanivo yenye haifike Musumba: tukosoe folda zetu za michoro

Kuko folda moja yenye inazunguka kati yetu, wanafunzi na watu wa lisanse wa Lualaba. Inapita kwa fleshi, inapita kwa WhatsApp, kila promosioni inairithi kwa promosioni ya mbele. Ndani yake muna vipande vya kupitisha maji ya mvua: kanivo, dalo, regari, vifuniko, vyote vimechorwa tayari kwa AutoCAD. Mutu akipata kazi ya kuchora plani ya avenyu, anafungua folda, anachagua kipande, anakopi, anabandika, anabadilisha kartushi, plani inaenda. Jina la folda linabadilika kila mwaka, lakini ukiifungua, ni ileile.

Tunajua kukosoa vitabu, nyimbo na hotuba. Ile folda hatujaikosoa hata siku moja, na hata hivyo njo kitabu chenye tunakitumia kuliko silabusi yote ya hidroliki. Inaamua mufereji utakuwa na upana gani mbele ya nyumba ya mutu. Inaamua simenti ngapi zitanunuliwa. Kwa hiyo inastahili tuisome vizuri, tuseme inafanya nini na inaficha nini.

Hoja yangu ni moja. Kipande kizuri, chenye kinaweza kutumika tena na tena, si kile chenye vipimo vingi ao rangi mingi. Ni kile chenye kinabeba mahusiano yasiyobadilika, na kinaacha nje namba chache zenye shantie yenyewe njo inaamua. Folda yetu inafanya kinyume: imegandisha namba, imepoteza mahusiano.

Wazo la kipande cha kutumia tena si la jana. Mwaka 1963, kule MIT, Marekani, Ivan Sutherland alitoa tezi yake juu ya programu Sketchpad. Ndani yake mulikuwa tayari muchoro-mama na nakala zake: ukibadilisha mama, nakala zote zinabadilika pamoja. Mulikuwa pia masharti: mistari hii miwili ibaki sambamba, hii ibaki na urefu sawa. Yaani mutu wa kwanza kabisa kuchora hivyo kwa ordinatere alielewa kwamba kazi si kuchora mistari. Kazi ni kuandika sheria zenye mistari itafuata. Sisi, zaidi ya miaka 60 nyuma yake, tunatumia mashine yenye nguvu mara elfu kufanya kazi ya karatasi na mukasi.

Tuanze na makosa madogo ya folda, juu njo yanakula siku zetu.

Kosa la kwanza ni majina. Utakuta bloki inaitwa REGARI1, ingine REGARI1-mupya, ingine REGARI-final. Sasa AutoCAD iko na tabia moja: ukibandika bloki yenye jina lililokuwa tayari ndani ya muchoro wako, ile ya zamani njo inabaki. Programu inaandika mustari mudogo tu chini ya skrini, kusema ufafanuzi wa pili umeachwa. Nani anasoma ule mustari? Hivi unaamini umeweka regari ya sentimita 80, kumbe umeweka ya sentimita 60 ya mutu mwingine. Dawa yake haina gharama: jina liseme aina, vipimo vikubwa, nyenzo na tarehe.

Kosa la pili ni kupasua bloki. Bloki ikiwekwa mara 300, fishie inahifadhi ufafanuzi mumoja tu, pamoja na mahali pa kila nakala. Ukiipasua, kila mustari unahifadhiwa mara 300. Fishie inavimba, ordinatere ya okazioni inapumua kwa shida, na kama SNEL imekata kuran mbele uhifadhi, kazi ya asubuhi imekwisha. Batu wanapasua juu kifuniko kiko kirefu kidogo kuliko wanavyotaka. Lakini tangu AutoCAD 2006 kuko bloki zenye kubadilika: unavuta kishikio, urefu unabadilika, bloki inabaki bloki. Hapa wepesi si urembo. Fishie nyepesi njo ile yenye mwenzako ataweza kuipokea kwa forfe yake ya mega.

Kosa la tatu ni pointi ya kushikia, na hili linafika mpaka kwenye udongo. Vipande mingi ndani ya folda vinashikwa kwa kona ya kifuniko. Lakini kanivo haiwekwe kwa kifuniko. Inawekwa kwa sakafu ya maji, pale maji yanapokanyaga, juu hesabu yote ya muteremko inafanywa pale. Kipande kikishikwa kwa kona ya juu, kila mara ukibadilisha unene wa dale, sakafu ya maji inapanda ao inashuka bila wewe kutaka. Kwa muteremko wa asilimia 0.5, mita 20 za kanivo zinashuka sentimita 10 tu. Kosa la dale moja linaweza kula huo muteremko wote, na maji yanasimama. Mbu hawaulizi plani ilichorwa na nani.

Yote hayo ni ya kurekebisha kwa juma moja. Kosa kubwa liko ndani zaidi, na ili tulione tunahitaji hesabu kidogo. Tuliisoma wote, hata sisi wa agronomi.

Tuchukue mufano: avenyu inapokea maji ya hektari 2, mugawo wa kutiririka 0.6, mvua kali ya milimita 100 kwa saa. Kwa njia ya kawaida, maji ya kupitisha ni 0.6 × 100 × 2 ÷ 360, yaani karibu litre 333 kwa sekunde. Sasa tufungue folda, tuchukue kanivo ya mustatili: upana sentimita 60, kina cha maji sentimita 50, muteremko asilimia 0.5. Je, inatosha?

Jibu: inategemea ukuta wake umefanywa na nini. Kwa fomula ya Manning-Strickler, tukiweka K ya 70 kwa beto laini, ile kanivo inapitisha karibu litre 486 kwa sekunde. Inatosha na inabakisha. Tukiweka K ya 40 kwa ukuta wa mawe yasiyolainishwa, kanivo ileile, vipimo vilevile, inapitisha karibu litre 278. Haitoshi. Maji yanapanda barabarani.

Muchoro ni ule ule, mustari kwa mustari. Mumoja unafanya kazi, mwingine unafurika. Na folda haikukuambia kitu, juu ndani ya folda kanivo ni mistatili miwili na hachi ya rangi ya kijivu. Kile chenye kinaamua, uhusiano kati ya nyenzo, kina na maji, hakikuchorwa mahali popote. Mwenye alichora mara ya kwanza alikijua. Alikiweka kichwani, akatoa namba, akaandika 60 × 50. Namba zilisafiri, akili yake ilibaki.

Njo hapa naleta Musumba.

Kolwezi ni muji wa migodi. Beto inapatikana, vibarua wa mafero wanapatikana, matiyo na vipande vya kufyatuliwa vinapatikana kama pesa iko. Tena kuko pesa yenye haikukuwa zamani: tangu Kodi ya migodi ya 2018, asilimia 15 ya ridivansi inaenda kwa ETD za mahali mugodi unachimbwa, na kampuni inapaswa kutoa angalau asilimia 0.3 ya mauzo kwa maendeleo ya jamii za pale. Sehemu ya hiyo pesa inageuka kuwa barabara na kanivo, na vijana kama sisi njo tunachora.

Musumba, makao ya Mwant Yav, iko teritware ya Kapanga, mamia ya kilometa kutoka Kolwezi. ETD yenye haina mugodi kwenye udongo wake haione hiyo asilimia 15. Kila mufuko wa simenti unafika pale kwa lori, kwa njia yenye musimu wa mvua unaifunga. Pale kanivo ya haki ni ya mawe, ya matofali, ao ni mufereji wa udongo wenye kingo za majani. Lakini siku mutu wa Kapanga atahitaji plani, atapewa nini? Folda ileile, 60 × 50, beto. Fundi ataiangalia, ataona vitu vyenye hana, atajenga na mawe yake kwa vipimo vilevile. Na tumeona hesabu inasema nini juu ya mawe kwa vipimo vilevile.

Baadaye tutasikia: «Mafundi wa mu kijiji habafuate plani.» Hapana. Fundi alifuata. Plani njo haikumufuata.

Kwa hiyo mimi naita hili jaribio la Musumba. Kipande chochote cha kupitisha maji, ukiulize swali moja: nikikitoa Kolwezi nikipeleke Musumba, nikabadilisha nyenzo na muteremko, kitajipanga upya chenyewe, ao kitadanganya?

Folda yetu inashindwa. Lakini tusiseme ni sisi tu. Tuangalie katalogi yenye inakuja na Civil 3D, programu ya Autodesk yenye mabiro mingi wanaisifu. Ni kazi kubwa, naiheshimu. Vipande vyake si mistari iliyokufa: viko na vipimo vyenye vinabadilika, na kuko kanuni zenye zinaangalia muteremko na kina cha udongo juu ya tiyo. Upande huo, iko mbele sana ya folda yetu. Lakini soma ile katalogi kama unavyosoma orodha ya chakula: matiyo ya duara, ya umbo la yai, ya duaradufu, ya mustatili, regari za duara na za mustatili, na vifuniko vyake. Ni muji wenye maji yanapita chini ya udongo. Na vipimo vya kuanzia ni vya Marekani, hata vile vya mita. Kanivo wazi, ile yenye tunaruka kila asubuhi kuingia nyumbani, haimo kati ya matiyo yake. Lazima uijenge wewe mwenyewe.

Hiyo si zambi ya programu. Kila katalogi inabeba nchi yenye iliizaa. Zambi ni kuchagua tiyo chini ya udongo juu tu lilikuwa tayari ndani ya orodha, halafu kwenda kuitetea mbele ya komine kama vile udongo wa Lualaba njo uliitaka.

Sasa kipande chenye kinapita jaribio kinafanana na nini? Kwa hili hatuhitaji kuagiza falsafa mbali. Watu wa Musumba walikuwa na wazo hilo kwa siasa yao karne nyingi. Jan Vansina, katika kitabu chake cha 1966 juu ya falme za savana, alionyesha jinsi Walunda walivyoshikilia utawala mukubwa kwa mambo mawili: urithi wa cheo na undugu wa kudumu. Mwenye kurithi cheo anachukua jina la cheo na undugu wake wote. Kama cheo fulani kilikuwa ndugu mudogo wa cheo kingine, kinabaki ndugu mudogo, hata kama wenye kukikalia leo hawana damu moja. Mutu anabadilika, uhusiano unabaki. Hata muji mukuu wenyewe ulihama: mufalme mupya alijenga musumba yake mahali pengine, na vyeo vikapata nafasi zao tena.

Kipande cha kutumia tena ni vile. Namba ni mutu mwenye anapita. Uhusiano njo cheo.

Kwa vitendo, tuchukue FreeCAD. Ni ya bule, haina leseni ya kuvunja, na toleo lake la 1.0 lilitoka Novemba 2024. Fungua jedwali ndani yake, andika namba chache tu: upana wa ndani, kina cha ndani, unene wa ukuta, unene wa sakafu, urefu wa kipande. Kila namba uipe jina. Halafu chora sehemu ya kanivo, na kila kipimo ukifunge kwa jina, si kwa namba. Upana wa nje ni upana wa ndani pamoja na kuta mbili. Upana wa dale ni upana wa ndani pamoja na mahali pa kukalia pande mbili. Pointi ya kushikia ni katikati ya sakafu ya maji. Weka michoro yako juu ya mapande ya musingi, usiiweke juu ya nyuso za kipande chenyewe. Matoleo ya zamani yalivunjika sana hapo, na hata kwa 1.0 bado ni tabia nzuri. Usichore mafero wala kona za kuviringa kama plani haizihitaji.

Kisha ongeza kile chenye folda haina: muteremko, K, na maji ya kupitisha. Jedwali lifanye hesabu, na liseme kama kina kinatosha. Kwa mufano wetu, likiwa na K ya 70, maji ya litre 333 yanasimama karibu sentimita 37. Likiwa na K ya 40, yanapanda mpaka karibu 58. Hivi kwa mawe utachimba kina cha 70, ubakishe sentimita 12 za usalama.

Jedwali lilelile likupe pia kiasi cha kazi. Kanivo ya beto, ndani 60 × 60, kuta na sakafu sentimita 15: kiubo 0.315 kwa kila mita. Ya mawe, ndani 60 × 70, kuta sentimita 30, sakafu 15: kiubo 0.60. Kwa avenyu ya mita 300, ni kiubo 94.5 kwa upande mumoja na 180 kwa upande mwingine. Mawe ya Musumba yako karibu, lakini yanataka karibu mara mbili ya ukuta. Ni habari yenye komite ya mutaa inapaswa kuipata mbele ya kukubali, si wakati mawe yamekwisha katikati ya kazi.

Na kama ni mufereji wa udongo bila ukuta? Sisi wa agronomi tunajua jedwali za mwendo wenye udongo unavumilia, kama zile za Fortier na Scobey za 1926: muchanga mwembamba karibu mita 0.45 kwa sekunde, udongo mugumu wa mufinyanzi karibu 1.1. Katika mufano wetu, hata kanivo ya mawe inakimbiza maji karibu mita 0.96 kwa sekunde. Kwenye muchanga, mwendo huo unachimba. Leo ni mufereji, baada ya musimu miwili ni korongo lenye linakula parseli. Kipande cha udongo kinapaswa kujua mupaka huo na kukataa wazi: muteremko huu ni mukali, weka ngazi za mawe ao panua mufereji.

Kuko pia kosa la upande mwingine, na wale wenye ujuzi kati yetu wanaliangukia. Mutu akishajua kufunga vipimo, anataka kufunga vyote. Kipande kinakuwa na namba 40, kila bulunguti lina jina, fishie inafunguka kwa dakika tano, na paka yeye mwenyewe njo anaielewa. Hicho nacho kinashindwa jaribio, juu hakifike kwa mutu wa pili. Ukiona namba ndani ya jedwali yenye shantie haitaiuliza kamwe, itoe. Iweke kama uhusiano, ao isahau.

Najua jibu la mabiro: «Kijana, plani inahitajika kesho.» Ni kweli, na folda ya zamani iko mbio kwa plani ya kwanza. Kwa plani ya kumi, mwenye kipande cha namba chache anabadilisha jedwali na kunywa chai yake, wakati mwingine bado anavuta mistari na kuhesabu viubo kwa kalkulatere. Faida hiyo mabiro wataielewa, hata kama habari za Musumba haziwagusi.

Pendekezo langu kwa chama chetu ni dogo. Tusianze na maktaba ya vipande mia. Tuanze na vitatu: kanivo wazi, regari, dalo ya kupita chini ya barabara. Kila kimoja kiwe na ukurasa mumoja wa maelezo: jina, kipimo cha mita ao milimita, pointi ya kushikia, namba za kujaza, mipaka yake, na mufano mumoja uliohesabiwa kwa mukono ili mutu aweze kuhakikisha. Mwenye kukipokea akikijaribu kwa beto, kwa mawe na kwa udongo, aandike chini yake alichoona. Mwenye iko na kipande chenye kinapita, akilete; na mwenye anaona hesabu yangu ya juu ina shida, anikosoe palepale kwenye maoni, na namba mukononi.